Boliti ya Katikati

Kila alfajiri, kabla ya kunawa uso,
nilivuta boksi la sabuni chini ya Karina
nikalisoma kama daktari asomavyo picha ya kifua:
jana matone matano, leo tisa,
na moja limekimbia, limetia doa kwenye pevingi mpya
za Mama Eufrasia, ambaye hesabu zake
ni kali kuliko za msoma mita ya maji.
"Gari lako linakojoa," alisema. "Lifunge nepi."

Wahenga walituachia neno juu ya ufa na ukuta.
Hawakuwa na injini.
Mara tatu niliziba. Mara tatu nilipaka silikoni nyekundu
juu ya uchafu, kama apakaye poda juu ya jasho,
na mara tatu oili ikatafuta kona nyingine,
ikateremka taratibu hadi kwenye ekzosi,
ikaungua.
Foleni ya Tazara ilinijua kwa harufu.

Jumamosi nikaenda kwa Pazi, Tabata, nyuma ya mashine ya kusaga,
mahali ambapo unga mweupe na grisi nyeusi
hukaa mtaa mmoja bila kugombana.
Hakuuliza nina shilingi ngapi. Alipitisha kidole
pembeni mwa tapeti kava, akakinusa,
akakifuta kwenye suruali isiyokuwa na pa kufutia.
"Tumsifu, lete kumi."
Kijana akaleta. Koili nne zikatoka, zikapangwa juu ya gazeti
kwa zamu yake, zisije zikasahau kwao.

Boliti ya kwanza iligoma.
Ya pili ililia.
Pazi akanitazama: "Hizi alikaza nani?"
Nikajibu, "Fundi mmoja."
"Fundi huyo alikuwa na msiba," akasema, akaendelea kufungua.

Sikumwambia. Ilikuwa jioni ile nimerudi Kisarawe
kwenye kikao cha mirathi. Kondo ametaka gari la baba liuzwe,
mimi nimesema maneno yasiyorudi kinywani,
nikafika nyumbani, nikafungua boneti, nikashika spana,
nikakaza, nikakaza,
kana kwamba neno lenyewe lilikuwa na shingo, na shingo iko mle.

Gasketi ilitoka vipande vipande.
Akaniwekea kimoja kiganjani: mpira,
lakini mgumu kama ukucha wa mguu.
"Unaona? Haikufa kwa kulegea. Imekufa kwa kubanwa.
Kazi ya mpira ni kurudi. Ukiukamua mpaka mwisho
utarudi wapi?"

Tumsifu akadandia bodaboda kwenda Gerezani,
akarudi na gasketi mpya, laini kama sikio la mtoto,
na chenji pungufu ya mia tano, na maelezo marefu.

Saa nzima hatukufunga chochote.
Tulikwangua. Petroli, kitambaa, mswaki wa zamani,
mpaka alumini ikaonyesha uso wake.
Silikoni ilipata kazi kwenye kona tu,
tone dogo kama punje ya mtama.
Kisha Pazi akanikabidhi spana, mimi.
"Anza katikati. Toka nje pole pole. Vuka huku, vuka kule.
Ikigusa, iache. Zunguka tena.
Usiimalize moja hujazisalimia zote."

Nilipowasha, moshi mwembamba ukapanda.
Nikashtuka. Yeye alikuwa ananawa kwa Omo na mchanga.
"Hiyo ni oili ya zamani, inajiunguza. Itanuka siku mbili.
Usinirudie."

Leo ni ya nne.
Boksi kavu; Mama Eufrasia kalichukua kuwashia mkaa.
Doa limebaki pale pale, na yeye ameliandika kwenye kodi.
Nimekaa kiti cha dereva, injini imezimwa,
simu mkononi, jina la Kondo linawaka kiooni.
Kidole changu kinajua kukaza.
Natafuta boliti ya katikati.